Mpaka unaopanda na kushuka na maji

Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliingia kwenye ghuba ya Liuli, upande wa mashariki wa Ziwa Nyasa. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhaven, kwa sababu ya jabali lililokaa mithili ya ile sanamu ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Gwendolen ikaanza kuipiga mizinga. Inasimuliwa kwamba nahodha wa Kijerumani, Berndt, alirukia kidau akapiga makasia hadi kwa mwenzake Rhoades, nahodha wa Gwendolen, waliyezoea kunywa pamoja siku za amani, akamfokea: leo umelewa nini? Habari za vita kuu zilikuwa hazijamfikia. Akatekwa palepale.

Watu hukisimulia kisa hiki kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Mimi hunigusa kwa jambo jingine. Kwa mujibu wa mkataba uliokuwa ukitumika siku ile, Ujerumani haikuwa na hata kata moja ya maji katika ziwa lile. Sasa meli yake yenye silaha, iliyokuwa ikikata maji hayo tangu miaka ya 1890, ilikuwa inafanya nini pale?

Swali hilo halijafa, kwa sababu Tanzania, iliyorithi upande wa Wajerumani, inadai mpaka wake na Malawi upite katikati ya ziwa, na Malawi inasema mpaka ni ufuko wa Tanzania, maji yote ni yake. Wakili wa Malawi atajibu bila kutafuta maneno: kusafiri juu ya maji si kuyamiliki, na Hati ya Berlin ya 1885 ilikuwa imefungua njia za maji za Afrika ya kati kwa meli za mataifa yote. Wakili wa Tanzania naye atasema dola haiweki meli ya silaha, bandari na karakana mahali inapojihesabu mgeni. Tukio moja, hoja mbili, na zote zinasimama. Utafiti wa Ziwa Nyasa umejaa vitu vya namna hii, ndiyo maana ukisoma upande mmoja tu unaweza kufunga kitabu ukiwa na uhakika mkubwa wa jambo ambalo bado halijaamuliwa.

Hata jina linakuonyesha mwandishi amekaa wapi. Mtanzania huandika Ziwa Nyasa, Mmalawi Ziwa Malawi, Mreno na Mmsumbiji Niassa. Wanabiolojia wanaotaka kuendelea kupata vibali pande zote huandika majina mawili au yote matatu, wakiyatenga kwa mkwaju. Nyasa lenyewe ni neno la Kiyao lenye maana ya ziwa, kwa hiyo sisi tunasema "Ziwa Ziwa". Livingstone alifika mwaka 1859, na jina alilolisikia likaingia kwenye ramani za Ulaya.

Tuanze na maandishi, kwa sababu ugomvi wote umening'inia kwenye sentensi moja. Mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ule uliowapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland na kuiacha Zanzibar chini ya ulinzi wa Waingereza, ulieleza katika Ibara ya I mipaka ya eneo la Wajerumani. Mstari unapanda na mto Ruvuma, unakata kwenda magharibi hadi ziwani, kisha unafuata fuko za mashariki, kaskazini na magharibi za ziwa hadi kwenye mdomo wa mto Songwe. Haukusema katikati ya ziwa. Ulisema fuko. Ukitaka kujua kama waliotunga walikuwa wamesinzia, tazama jinsi mstari unavyolizunguka ziwa lote la kaskazini, mashariki hadi magharibi, kama mtu anayekwepa dimbwi. Walijua wanachofanya.

Sababu si fumbo. Wamisionari wa Scotland walikuwa wamekwisha kujikita upande wa magharibi, kampuni ya biashara ya African Lakes ilikuwa na vituo vyake, na barabara ya Stevenson ilikuwa imeanzwa kutoka pembe ya kaskazini ya ziwa kuelekea Ziwa Tanganyika. Huko Karonga, kati ya 1887 na 1889, kampuni hiyo ilikuwa vitani na Mlozi, mfanyabiashara Mswahili aliyejijengea ngome na kujifanya mtawala wa nchi ya Wangonde. Scotland nzima ilikuwa ikipiga kelele kwamba damu yake imemwagika pale. Serikali ya London isingeweza kurudi nyumbani na nusu ya ziwa.

Hapa watafiti wengi wa sheria hupita haraka, nami naona wanakosea. Kabla ya 1890 ziwa lilikuwa na siasa yake. Upande wa magharibi, Nkhotakota, palikuwa na utawala wa akina Jumbe, ukoo wa Waswahili uliotia nanga tangu miaka ya 1840, ukijinasibisha na Sultani wa Zanzibar. Majahazi yao yalivusha pembe na watumwa hadi fuko za mashariki, na misafara ikaendelea kwa miguu kwenda Kilwa. Kwa watu hao ziwa lilikuwa kivuko. Mpaka wa ufukoni ungewashangaza, na mpaka wa katikati ya maji ungewashangaza zaidi. Mlozi alinyongwa na Waingereza mwaka 1895, na hesabu ile ya zamani ikafutwa kwa kamba.

Ndani ya mkataba uleule kuna Ibara ya VI, inayosema mistari yote iliyochorwa inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya dola mbili kulingana na mahitaji ya mahali. Hii ndiyo nguzo ya hoja ya Tanzania: mstari wa 1890 ulikuwa rasimu, na kazi ya kuurekebisha haikumalizika. Nguzo hiyo ina ufa. Mwaka 1901 dola hizo mbili zilipotia saini makubaliano ya kuuweka sawa mpaka wa huku, zilishughulika na Songwe na nchi kavu ya juu yake, zikaliacha ziwa lilivyo. Mtu aliyepata nafasi ya kubadili jambo akaliacha, ni vigumu kumsemea baadaye kwamba alikuwa na nia ya kulibadili.

Baada ya vita vya kwanza pande zote mbili zikawa mikononi mwa Mwingereza, na hapo ndipo ushahidi unapovurugika. Zipo ripoti na ramani za enzi ya udhamini zilizouonyesha mpaka katikati ya ziwa, na zipo nyingine za Mwingereza huyohuyo zilizourudisha ufukoni. Tanzania hushika zile za kwanza, Malawi hushika za pili. Ninavyosoma mimi, hapakuwa na uamuzi wowote nyuma ya tofauti hizo. Karani wa Dar es Salaam na karani wa Zomba walikuwa wakila mshahara wa mfalme mmoja, na mstari kati yao haukumnyima mtu usingizi. Mwanahistoria anayetafuta siri ya serikali ndani ya ramani hizo anaweza kutumia miaka mingi kuchunguza uzembe wa ofisi.

Na sasa sehemu ambayo sisi Watanzania huipitia kama mtu anayepita msibani kwa adui. Karibu na uhuru suala hili liliinuliwa mbele ya wawakilishi wa Tanganyika, na serikali, Nyerere akiwa kiongozi wake, ikajibu kwamba kwa mkataba uliopo ziwa halimo ndani ya Tanganyika. Miaka michache baadaye, Julai 1964 mjini Cairo, Nyerere huyohuyo akawa mstari wa mbele kupitisha azimio la OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, kwamba kila nchi iheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Malawi ilikuwa na umri wa siku chache tu. Ukiwa wakili wa Lilongwe unahitaji nini zaidi?

Yaliyobadilika kati ya 1964 na 1967 hayakuwa maandishi. Yalikuwa mazingira. Mawaziri wa Banda, kiongozi wa Malawi, walikosana naye ndani ya wiki chache za uhuru, na baadhi yao, akiwemo Kanyama Chiume, wakaishia Dar es Salaam. Tanzania ilikuwa imewapa hifadhi wapiganaji wa FRELIMO waliokuwa wakipigana na Wareno huko Msumbiji, na Banda alikuwa akielewana na Wareno, kisha akafungua ubalozi na makaburu. Mwezi Januari 1967 Tanzania iliiandikia Malawi kwamba mpaka ni katikati ya ziwa. Banda akakataa mbele ya Bunge lake katikati ya mwaka huohuo, na mwaka 1968 akaongeza chumvi kwa kudai vipande vya Tanzania, Zambia na Msumbiji kuwa ni vya Malawi kwa asili. Baada ya hapo hakuna mtu Dar es Salaam ambaye angeweza kusema jambo la busara kuhusu Ibara ya I na akasikilizwa.

Kwa hiyo sheria inasemaje? Bahati nzuri mkataba huuhuu umeshafika The Hague, ila kwa ibara nyingine. Botswana na Namibia zilikuwa zikigombea kisiwa kidogo katika mto Chobe, Kasikili kwa Wanamibia, Sedudu kwa Wabotswana, na mpaka wao ulitoka katika Ibara ya III ya mkataba wa 1890. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa hukumu tarehe 13 Desemba 1999. Majaji waliweka maandishi ya Kiingereza kando ya ya Kijerumani, wakapima kina, upana na mtiririko wa mikondo miwili ya mto, wakaangalia picha za angani, kisha wakasema mkondo mkuu ni wa kaskazini. Kisiwa kikawa cha Botswana.

Ndani ya hukumu hiyo kuna kifungu ambacho kila anayeitetea Tanzania angepaswa kukisoma mara mbili. Namibia ilijenga hoja kwamba Wasubia wa upande wake walikuwa wakilima kisiwa kile kwa miaka na miaka, na wakubwa wa pale hawakulalamika. Mahakama ikajibu kwamba wananchi kutumia mahali kwa mahitaji yao si sawa na dola kutawala mahali hapo. Wale walikuwa wakulima wanaofuata udongo mzuri, basi. Weka Wakisi na Wamanda na Wanyasa wa ufuko wetu badala ya Wasubia, weka nyavu badala ya majembe, uone hoja yetu kubwa ya barabarani, kwamba watu wetu wamevua humo siku zote, inabaki na nini.

Hayo ni ya maandishi. Ukishuka ufukoni mwenyewe, mambo yanageuka.

Niliwahi kukaa siku nzima Lyulilo, jirani na Matema, siku ya soko. Mitumbwi ilikuwa ikitoka Ikombe imebeba vyungu vya Wakisi, vimepangwa mdomo juu ya kitako hadi ukingo wa mtumbwi ukawa unakaribia kunywa maji. Wanawake walishuka wakavipokezana mkono kwa mkono, kila chungu kikigongwa kwa kifundo cha kidole na kusikilizwa kabla ya kuwekwa chini. Kilicholia vibaya kilitengwa. Kutoka Ikombe kwenda Lyulilo milima ya Livingstone imetumbukia moja kwa moja ziwani, na njia ya kweli ni maji. Kwa kusoma Ibara ya I neno kwa neno, vyungu vile vilitoka Tanzania, vikasafiri ng'ambo, vikaingia Tanzania tena, na hakuna aliyegongewa muhuri.

Mwanasheria atacheka na kusema upuuzi wa mstari haufanyi mstari usiwepo. Sawa. Lakini kuna swali ambalo ni lake yeye kulijibu, na jibu lake liko kwa watu wanaopima maji. Ufuko ni upi?

Ziwa Nyasa halitulii. Kufikia 1915 hivi maji yalikuwa yameshuka hata mto Shire, mlango pekee wa kutokea, ukaacha kutiririka kwa takriban miaka 20, mdomo wake ukiwa umezibwa na mchanga na magugu. Kisha maji yakaanza kupanda, na mwaka 1980 hivi yakafika juu kuliko wakati wowote yalipopata kupimwa. Kati ya kina kile cha chini na kile cha juu kuna zaidi ya mita 6. Pale Ikombe mita 6 ni hatua chache za mwamba. Huku kwenye tambarare ya Kyela, kwenye mashamba ya mpunga, mita 6 ni nchi kubwa. Mpaka wa ufukoni basi hauigusi Tanzania kwa usawa: mahali fulani umesimama kama ukuta, mahali pengine unatembea na kurudi na mvua. Je, ni ufuko wa 1890 uliogandishwa au ufuko wa leo? Mkataba umenyamaza.

Tena maji hayo yanaongozwa kwa mkono, ingawa kwa kiasi. Mwaka 1965 Malawi ilimaliza kujenga lango la kuzuia maji pale Liwonde kwenye Shire, kwa ajili ya umeme unaozalishwa chini yake. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hupotea kwa mvuke, si kwa Shire, kwa hiyo milango ya Liwonde haiwezi kufanya miujiza. Hata hivyo inaweza kuinua au kushusha maji kidogo, na kwenye nchi tambarare kidogo ni kingi. Mwenye kusisitiza kwamba mpaka ni ufuko anasema, bila kukusudia, kwamba mpaka wa Tanzania unaweza kusogezwa na mfanyakazi wa Malawi anayezungusha milango kilomita mamia kusini. Sijaona hoja ya Dar es Salaam iliyo na nguvu kuliko hii, na ni ajabu jinsi inavyosikika mara chache, kwa sababu wanaoijua hidrolojia hawaandiki juu ya mikataba.

Samaki nao wana ushahidi wao. Ziwa lina kina cha mita 700 hivi, lakini chini ya mita 200 na kitu hakuna hewa ya kutosha, na samaki hawaishi. Kinachogombewa kwa upande wa mboga ni tabaka la juu tu. Katika tabaka hilo wamo mbuna, samaki wadogo wa rangi wa miambani, ambao hawapendi kabisa kuvuka mchanga. Jabali moja linaweza kuwa na aina isiyopatikana kwenye jabali linalofuata. Wapo mamia ya aina za jamii hiyo katika ziwa hili, wengi wao hawapo popote pengine duniani. Hao wana mipaka ya kweli. Usipa, dagaa wa huku, hawana. Hufuata chakula, na wavuvi huwafuata usiku kwa taa, Watanzania kwa Wamalawi, hata ukitazama kutoka mlimani unaona mji mmoja uliosambaa juu ya giza.

Halafu kuna mbasa. Samaki huyu mkubwa huishi ziwani, lakini mvua zikianza hupanda mito kwenda kutaga. Ruhuhu ni mmoja wa mito hiyo, na sehemu kubwa ya maji ya mito inayoingia ziwani hutoka kwenye milima ya Tanzania. Mwenye ziwa lote kwa karatasi anategemea jirani asiharibu mto anakozaliwa samaki wake. Mwenye mto naye anategemea jirani asimmalize mbasa kabla hajapanda. Hakuna mstari wa ufukoni wala wa katikati unaolitatua hilo.

Mwaka 2011 Malawi ilitoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani kwa kampuni ya Uingereza, Surestream, likiwemo eneo la kaskazini mashariki. Mwaka uliofuata maneno yakapanda. Dar es Salaam ikataka utafutaji usimame, wanasiasa wakataja jeshi, wajumbe wakakutana Mzuzu wakaachana bila kupatana, na jambo likapelekwa kwa jopo la marais wastaafu chini ya Joaquim Chissano. Jopo halikufanikiwa kuzipatanisha. Katika kelele zile zote neno mafuta lilitajwa na kila mtu, na neno mbasa sikulisikia.

Kuna mfano ulio karibu kuliko Chobe. Mpaka wa Waingereza na Wareno nao hapo awali ulikuwa kwenye ufuko wa mashariki, kama wetu. Tarehe 18 Novemba 1954 walikubaliana kuusogeza hadi katikati ya ziwa, na visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyobaki ndani ya maji ya Msumbiji, vikaachwa kwa Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Hakuna aliyeshinda kesi. Walikaa, wakabadilishana walichotaka, wakatia saini. Malawi imeurithi mpaka huo na inauheshimu, maana yake ufuko si kitu kitakatifu kwake. Njia ya Tanzania, kama ipo, naiona hapa: kukiri kwamba Ibara ya I inampa Malawi maji, kisha kuomba kitu kilichofanyika 1954. Kudai kwamba nusu ya ziwa ilikuwa yetu tangu mwanzo kunatulazimisha kubishana na sauti ya Nyerere mwenyewe.

Na kwamba nchi hizi mbili zinaweza, ushahidi uko hapohapo kwenye mdomo wa Songwe. Mto huo kwenye tambarare hubadili njia kila mafuriko makubwa yanapopita. Mtu analala shambani kwake Tanzania, anaamka shamba liko ng'ambo ya mto, yaani Malawi, na mwenzake wa ng'ambo yanampata vivyo hivyo. Mwaka 2017 serikali zote mbili zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni moja ya bonde la Songwe, yenye kazi ya kuutuliza mto, kujenga mabwawa, umeme na umwagiliaji kwa pamoja. Ofisi yake iko Kyela. Ukitoka hapo ukaendelea kushuka na mto unafika ziwani, mahali ambapo mpaka, kwa ramani ya serikali moja, unapinda kushika ufuko, na kwa ramani ya serikali nyingine unanyooka kuingia majini.